Mama Tani Apima Trela Lake

Madereva wa malori ndio waliompa jina la Mama Tani, na walimpa kwa uchungu. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa dirishani kwenye mizani ya barabara kuu, ile sahani ndefu ya chuma iliyolazwa chini ambayo kila gari la mzigo lazima liikanyage, na katika miaka yote hiyo hakuna dereva aliyempitishia hata gunia moja la ujanja. Walimjia na maneno matamu, walimjia na hasira, mmoja alimjia na picha ya watoto wake sita. Mama Tani aliipokea ile picha, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akasema wanapendeza kweli kweli, kisha akamwambia baba yao arudishe lori nyuma akapunguze mzigo.

Lakini alikuwa na donda lake, nalo lilikuwa ile barabara yenyewe. Magari aliyoyafungulia kizuizi hayana idadi, na kila moja lilikwenda mahali, naye akabaki na dirisha lake. Walikuwa wakimsimulia habari za ziwa lililoko huko juu milimani, safari ya siku mbili, ambako majani yanashuka mpaka majini na asubuhi mtu anavaa sweta. Alilijua ziwa hilo kwa midomo ya watu. Alijua barabara inapokata kona, alijua fundi wa pancha anayekuibia na yule asiyekuibia, alijua baridi inaanzia wapi. Yeye mwenyewe upande ule wa kizuizi hakuwahi kuvuka kituo cha mafuta, ambacho ukikaa dirishani unakiona.

Likizo zake zote zilikwisha kwa misiba, kwa kuezeka nyumba, kwa kuhangaikia shule za binti zake wawili. Sasa binti wameolewa, nyumba imeezekwa, na mwaka aliotimiza hamsini na nne alipewa likizo ya wiki tatu kwa mkupuo. Akatangaza kwa kila aliyekuwa na masikio kwamba anakwenda ziwani, tena hatalala kwenye nyumba ya wageni wala kwenye shuka za mtu. Atalala ukingoni kabisa mwa maji.

"Nimechoka kuwafungulia watu njia," alimwambia karani mwenzake, mzee mwembamba aliyeitwa Kalamu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kalamu tatu mfukoni. "Mwaka huu na mimi napita."

Kulala ukingoni mwa maji kulihitaji trela. Akalipata kwa watu wa upimaji barabara waliokuwa wanafunga kambi yao na kuuza vitu vyao chakavu: chumba kidogo cha bati juu ya magurudumu mawili, kina kitanda, jiko na dirisha, cha kukokotwa na gari dogo. Nasema chumba kwa heshima tu. Paa lilikuwa linavuja kwenye kila pembe, sakafu imeoza kiasi kwamba ukiingia unachagua pa kukanyaga, na kwenye kabati palikuwa na familia ya panya iliyowatazama wanunuzi kama wageni wasiopiga hodi.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyelivuta mpaka nyumbani kwa pikapu yake. Alilizunguka mara mbili, akalipiga teke tairi.

"Shemeji, hili kopo uliletewa au ulilifuata mwenyewe?"

"Nililifuata mwenyewe, na wewe utalivuta mpaka ziwani."

"Mimi naona ulikate dirisha ubavuni, uuze soda na maji baridi pale sokoni. Utapata faida, na hutasafiri na panya."

Mumewe Mama Tani alikuwa seremala, na mtaa mzima, mkewe akiwa wa kwanza, walimwita Fundi. Maneno yake kwa siku ungeweza kuyahesabu na vidole vikabaki. Aliingia ndani ya trela, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akatoka, akachomoa penseli sikioni.

"Litafaa," akasema.

Ikawa miezi minane ya Jumamosi. Walibandua bati la paa, wakaziba kila mshono kwa silikoni, wakamwaga ndoo za maji juu huku Mama Tani amekaa ndani akisubiri tone limdondokee. Halikudondoka. Waling'oa sakafu yote wakaweka mpya. Fundi wa magari wa mtaa wa pili alikuja akafungua magurudumu, akaosha beringi, akazipaka grisi mpya, akawaonyesha kwamba tairi zilizoonekana nzima zilikuwa za miaka kumi na tano na zingepasuka kwenye lami ya moto. Wakanunua tairi. Wakabadilisha nyaya zote za taa, wakafunga paneli ya sola juu na betri mbili nyuma, na nyuma kabisa, chini ya dirisha, wakaweka tangi la maji la lita mia na ishirini.

Halafu Fundi akaanza kazi aliyozaliwa kuifanya. Alitengeneza makabati ya mvule, matano, marefu, mbao nene, maungio ya kuchonga bila msumari hata mmoja, milango inayofungwa kwa mlio mdogo wa kushiba. Alitengeneza kitanda cha mvule na meza ya mvule. Mama Tani alipoviona alikaa kwenye ngazi ya trela akalia machozi ya furaha, na hakuona aibu kuyafuta mbele ya shemeji yake. Mama Tani naye hakutaka kupitwa na mumewe. Akaenda kwa wauza mawe, akarudi na kipande cha marumaru cheusi chenye madoa ya fedha, kizito cha kubebwa na wanaume wanne, kikawekwa kuwa meza ya jiko. Jikoni kwake nyumbani palikuwa na saruji tupu.

Kila Jumamosi trela lilizidi kukaa chini. Fundi alilitazama, mkewe alilitazama.

"Springi zimechoka," akasema Mama Tani.

Wakafunga springi nene zaidi, trela likanyanyuka, wote wakaridhika. Na hapa ndipo ninapotaka kumshika mtu bega nimtikise. Huyu ndiye mwanamke ambaye akiona lori limeongezwa springi tu, tayari anatabasamu, anajua kuna mzigo wa wizi juu. Miaka ishirini na miwili! Lakini mapenzi yakiingia kwenye mbao na marumaru, macho yanakwenda likizo kabla ya mwenyewe.

Siku nane kabla ya likizo wakatoka kwa majaribio. Shemeji aliendesha, Fundi dirishani, Mama Tani katikati amevaa gauni jipya. Pale mizani Kalamu alinyanyua kizuizi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea bibi harusi. Madereva wakapiga makofi. Walipita kituo cha mafuta, na Mama Tani akageuka kukitazama kikibaki nyuma yake kwa mara ya kwanza maishani.

Kilomita kumi mbele kuna mteremko mrefu. Walipoanza kushuka, trela likatikisa mkia kidogo. Shemeji akapunguza mafuta. Likatikisa tena, mara hii kwa nguvu, likavuta kitako cha pikapu kulia, likakivuta kushoto, na kabla mtu hajamaliza kusema jina la Mungu walikuwa wanakwenda segemnege barabara nzima, upande hadi upande. Shemeji alipigana na usukani mpaka gari likasimama, gurudumu moja la trela likiwa kwenye majani, hatua mbili kutoka kwenye korongo. Lori lililokuwa linapanda likawapita likipiga honi ndefu.

Hakuna aliyeumia. Shemeji alishuka, akakaa kwenye jiwe, mikono ikimtetemeka.

"Shemeji, nakupenda," akasema, "na kaka nampenda. Lakini gari langu halivuti tena hili kaburi. Fungueni duka la soda."

Wakarudi mwendo wa kobe. Hofu ilikuwa imemtoka Mama Tani. Alikuwa anaanza kufikiri kama karani. Walipofika mizani akamwambia shemeji yake apande sahani.

"Mama, trela la familia si lazima lipimwe," Kalamu akasema dirishani.

"Pima."

Walipima magurudumu ya trela likiwa limefungwa kwenye pikapu: kilo elfu moja na mia sita. Wakalifungua, wakalipima lote peke yake: elfu moja mia sita na arobaini. Kibao cha chuma mlangoni kilisema lisizidi elfu moja na mia tatu. Na tofauti ya zile namba mbili za kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote, maana ilionyesha kwamba kilo arobaini tu ndizo zilizolala mbele kwenye shingo, pale trela linapofungwa kwenye pikapu. Kwa uzito ule zilitakiwa zaidi ya mia. Mzigo wote ulikuwa umekaa nyuma: tangi, betri, na marumaru. Trela la namna hiyo lazima litikise mkia, na Mama Tani alikuwa amewafundisha hayo makarani wanne.

Madereva kwenye foleni walikuwa wamesikia. Mmoja, aliyerudishwa wiki iliyopita tu, akaweka mikono kiunoni.

"Mama Tani! Rudi nyuma ukapunguze mzigo!"

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Mama Tani alihisi uso unamwaka moto. Akavuta kitabu cha fomu za magari yaliyozidi, akajaza namba ya trela lake, akaandika "limerudishwa", akatia sahihi mbili, ya mkaguzi na ya mwenye mali.

Nyumbani akasema lililopaswa kusemwa. Makabati yatoke, kitanda kitoke, viwekwe vya plaiwudi nyembamba. Fundi alikuwa ananawa mikono. Akaacha maji yatiririke.

"Plaiwudi," akasema.

"Fundi, tumezidi kilo mia tatu na arobaini."

"Nimekaa na randa miaka thelathini. Plaiwudi ni ya maboksi ya kusafirishia vioo. Mtu akifungua kabati nililotengeneza mimi akute plaiwudi?"

"Tulikuwa tunakufa, mume wangu."

"Na lile jiwe lako je? Au lile halipimwi?"

Akaondoka akaenda karakanani kwake akafunga mlango. Mama Tani alibaki pale pale jikoni. Alijua mumewe angeweza kukaa wiki nzima bila kufungua kinywa, na wiki ndiyo iliyokuwa imebaki. Likizo ikishaanza haisogezwi. Akiipoteza hii, inayofuata ya namna hiyo ingekuwa ni ya kustaafu, na huko nani anajua magoti yatasemaje. Aliona wazi kabisa trela limekatwa dirisha ubavuni, limesimama sokoni, na yeye dirishani, kwa mara nyingine tena, akiwahudumia wapita njia.

Kesho yake asubuhi Fundi aliamshwa na kelele za chuma. Akatoka na fulana, akamkuta mkewe ndani ya trela na mtarimbo, anang'oa marumaru yake. Aliisukuma mpaka mlangoni akaiachia. Ikaanguka uani ikavunjika vipande vitatu, vile vidoa vya fedha vikimeta juani. Mama Tani alikuwa anahema, jasho linamtoka, na kwa kweli alikuwa analia pia, kwa sababu alikuwa ameipenda sana.

"Kilo tisini," akasema. "Zangu zimeshatoka."

Fundi aliyatazama yale mawe. Akaingia ndani, akapitisha kiganja kwenye mlango wa kabati la kwanza, akaufungua, akaufunga, akausikiliza mlio wake. Kisha akachomoa patasi mfukoni akaanza kuyafungua maungio yake mwenyewe, taratibu, bila kupasua hata kipande.

"Haya yataingia sebuleni," akasema. "Nyumba haina tairi."

Basi wakajifunga kibwebwe. Mama Tani alitundika mizani ya ndoano kwenye fremu ya mlango wa trela, na ikawa sheria kwamba hakuna kinachoingia bila kupimwa na kuandikwa. Fundi aliileta plaiwudi kama mtu anayeleta mgeni asiyempenda. Siku ya kwanza aliikata kwa kununa. Siku ya pili akagundua kwamba ukiiunga kwenye fremu nyembamba ya mbao laini, ukaikunja kidogo, inakuwa ngumu ajabu. Akajaribu kuikalia, haikulia. Akaita mkewe aikalie.

"Unanitukana au unanipima?" akauliza Mama Tani, akaikalia. Haikulia.

Kuanzia hapo mtu akapatwa na wazimu. Fundi alitoboa matundu ya mviringo kwenye migongo ya makabati, akayapanga vizuri mpaka yakawa pambo. Milango akaifuma kwa kamba za katani kwenye fremu za upana wa kidole. Meza akaitundika ukutani kwa bawaba, ikawa inakunjwa na ina uzito wa kilo nane badala ya arobaini. Alikuwa anakuja mlangoni na kabati jipya mikononi, analitundika kwenye ndoano, anatazama mshale kwa roho juu.

"Kumi na moja na nusu!" alipaza sauti siku ya nne, na majirani wakatoka, maana ilikuwa mara yao ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Mvule lilikuwa hamsini na sita!"

Alifika mahali akaanza kumwonea mkewe. Alikataa sufuria la chuma. Alikataa jozi ya tatu ya viatu. Mama Tani alipoleta mito minne alirudishiwa miwili, na alipobishana aliambiwa arudi nyuma akapunguze mzigo. Alicheka mpaka akakaa chini. Wakati huohuo fundi wa magari alihamisha tangi la maji likakaa juu ya ekseli kabisa, na betri zikapelekwa mbele karibu na shingo. Springi nene zikatolewa, zikarudi zile za zamani, ambazo hazikuwahi kuchoka hata siku moja.

Kazi iliyobaki ilikuwa shemeji. Mama Tani alimfuata kwake asubuhi ya siku ya safari, hakumbembeleza.

"Utalivuta mpaka mizani tu. Likizidi hata kilo moja, nakupa trela uuze soda, ni lako. Lisipozidi, unatuvuta mpaka ziwani."

Shemeji alifikiria soda, akakubali haraka sana.

Habari zilikuwa zimefika kabla yao. Foleni ya malori ilikuwa imepisha, madereva wamejipanga pande zote mbili. Trela lilikuwa limebeba kila kitu: maji, gesi, vyakula, mito miwili. Likapanda sahani. Mama Tani alishuka akasimama chini ya dirisha, upande wa madereva, ambako hakuwahi kusimama. Kutoka pale dirisha lilikuwa juu kuliko alivyodhani, na mtu wa ndani huoni anaandika nini. Akawaelewa wale wote waliomjia na machozi na picha.

Kalamu alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Siku zote alikuwa mtu wa mbwembwe.

"Jumla, elfu moja mia mbili na sabini," akatangaza. "Shingoni, mia moja na ishirini. Mama, sijaona mzigo uliopangwa hivi tangu niajiriwe. Pita."

Yule dereva wa mikono kiunoni ndiye aliyepiga kelele kwanza, kisha wote. Fundi alitazama chini, lakini alikuwa anatabasamu mpaka penseli ikamdondoka sikioni.

"Soda zangu," shemeji akanung'unika, akawasha gari.

Wakafika kwenye mteremko. Pikapu ilianza kushuka. Mama Tani alishika goti la mumewe, mumewe akashika mlango. Mwendo ukafika arobaini. Hamsini. Alama za tairi zao za wiki iliyopita zilikuwa bado nyeusi juu ya lami, zimepindapinda upande hadi upande, na trela likapita katikati yake limenyooka. Shemeji alitoa mkono mmoja kwenye usukani, akaunyoosha mbele yao wauone: hautetemeki.

"Kaka," akasema, "hili trela umelifanya nini?"

"Nimelipunguza," akasema Fundi.

Mteremko ukaisha, ikaja kona, na baada ya kona Mama Tani alikuwa haijui barabara tena ila kwa kusimuliwa. Basi akaanza kuwatangazia. Hapa kuna daraja jembamba. Likaja daraja. Huyu wa pancha ni mwizi, msisimame. Baridi inaanzia kwenye ile miti. Akafungua dirisha, akatoa mkono nje, na kweli baridi ilikuwa inaanzia pale pale, akapiga kelele kama msichana wa shule, na wanaume wawili wazima wakapiga kelele naye bila kujua wanapigia nini.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, walisimama ambapo majani yanashuka mpaka majini. Kabla hajagusa maji Mama Tani alifungua mlango wa trela. Milango ya katani ilikuwa imefungwa yote, vikombe vimekaa kama vilivyopangwa. Fundi alivihesabu kwa macho, akatoka, akaketi kwenye nyasi akakunja miguu. Mama Tani akachukua simu akapiga ofisini.

"Mizani," Kalamu akajibu.

"Tumefika. Hakuna hata kikombe kilichovunjika."

Alisikia mzee akikimbia, kiti kikianguka, dirisha likifunguliwa. Kisha akasikia, kutoka umbali wa siku mbili, foleni nzima ya malori ikipiga honi kwa pamoja. Akaweka simu kwa sauti kubwa, akainyoosha juu ya maji ili Fundi naye asikie, na walibaki hivyo mpaka lori la mwisho lilipomaliza.